Farasi waliotoroka: maongezi kuhusu kuongeza nguvu kwenye injini ndogo ya kabureta

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wenzangu habari za saa hizi, kaeni tu kaeni, wa nyuma sogeeni mbele manake sauti yangu imeshaharibika kwa miaka ya kuongea huku injini inanguruma pembeni. (Haya niliyasema kwa mdomo mbele ya watu wenye magari ya zamani, nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka, nimetoa kukohoa na ile sehemu mliyonizomea kuhusu rangi ya gari yangu.)

Kabla sijaanza, kuna kijana kaniuliza pale mlangoni, anasema gari yake ikikimbia kwa kasi mwendo mrefu, nusu saa hivi, inaanza kuishiwa nguvu mpaka inakata, akisimama akazungukazunguka kidogo, akafungua tangi kuangalia kama mafuta yapo, akiwasha inaenda kama hakuna kilichotokea. Shika hilo swali mdogo wangu, usiondoke.

Sasa. Najua mlichokuja kusikia. Mmekuja kusikia kabureta gani kubwa (kabureta ni kile chombo kinachochanganya petroli na hewa) inaingia kwenye injini ya cc 1200 au 1300 (cc ni ujazo wa silinda zote), na kama inaingia bila kutoboa kitu. Nitafika huko lakini mtasubiri, kwa sababu kwa mawazo yangu kabureta kubwa ni kitu cha mwishomwisho kabisa, na karibu kila mtu anaanza nacho, mimi nikiwemo.

Mi nilikuwa na gari ya cc 1200, nikanunua kabureta ya midomo miwili, yaani njia mbili za hewa, iliyotoka kwenye injini ya cc 2000, nikachongesha kibao cha kuishikilia, nikafunga mwenyewe usiku mzima. Asubuhi nikatoka nayo. Ilikuwa inanguruma vizuri ajabu, saundi ya maana kweli, ila ukikanyaga mafuta inavuta pumzi kwanza inazubaa hivi alafu ndo inakumbuka kwamba inatakiwa kwenda, plagi nyeusi kama masizi ya chungu, na mafuta inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, hakushika hata spana. Akaniambia fungua boneti, ingia ndani, injini izimwe, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikakanyaga. Akasema kanyaga mpaka mwisho. Nikamwambia mzee ndo mwisho hapo. Akaniita nje akakamata waya wa mafuta kwa mkono wake akavuta, kile kibati cha duara kinachofungua njia ya hewa, sisi tunakiita kipepeo, kikaendelea kufunguka karibu theluthi nyingine nzima. Waya ulikuwa umelegea, na chini ya pedeli kulikuwa na zulia mbili nimezipandanisha. Miaka miwili naendesha theluthi mbili ya gari yangu alafu naenda kununua kabureta!

Kwa hiyo leo nawaambia hivi, nguvu ya kwanza ya kuongeza ni ile uliyokuwa nayo ikapotea. Injini ya zamani iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 60 sa hizi pengine ina 45, na hao 15 hawajafa, wametoroka tu, mmoja yuko kwenye waya wa mafuta, wawili kwenye distribyuta (kile kinachogawa moto wa plagi), wengine wamekwama kwenye bomba la moshi. Kuwarudisha hao ni kazi rahisi kuliko kuzaa wapya.

Tuelewane kwanza injini inafanya nini. Ni pampu ya hewa, basi. Petroli kuiongeza ni rahisi, hewa ndo ngumu. Chukua injini ya cc 1300, kila silinda inavuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 6000 kwa dakika, kama ingejaa kabisa kila mara, ingemeza lita 3900 za hewa kwa dakika moja. Haijai kabisa, injini za umri huu zikijaa asilimia 80 kule juu ni sawa tu, basi tuseme lita 3100. Hiyo hewa yote inapita kwenye chujio, kwenye koo la kabureta, inapinda kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuipeleka kwenye silinda, inapenya pembeni ya valvu, inaungua, alafu inatakiwa itoke yote kabla ya nyingine kuingia. Popote inapobanwa unapoteza. Na ikiwa ya moto pia unapoteza manake hewa ya moto ni nyepesi, kila digrii 3 za joto zinazoongezeka uzito wa hewa unapungua kama asilimia 1. Sasa nenda kaangalie boksi la chujio la gari yako, mengi ya zamani yana kibati kidogo kwenye pua, cha kuchagua hewa ya baridi au ile inayovutwa kutoka juu ya manifoldi ya moshi kwa ajili ya nchi za baridi. Kikikwama upande wa moto, na huwa kinakwama, gari inapumua hewa ya jikoni mwaka mzima. Kisukume kwa kidole, kifunge upande wa baridi, umemaliza.

Kabureta yenyewe uliyonayo. Usiitupe, ifungue. Nyingi za midomo miwili, mdomo wa kwanza unafunguka kwa pedeli na wa pili unafunguliwa na kibofu cha mpira kinachovutwa na hewa, na mpira ukichanika mdomo wa pili haufunguki milele, gari inaenda, haikati, haimisi, imelegea tu, na mwenyewe anasema "si unajua ni gari ya zamani". Alafu kuna ile pampu ndogo ya kurusha mafuta ukikanyaga ghafla. Zima injini, toa mfuniko wa chujio, chungulia kwenye koo la kabureta huku unavuta mkono wa mafuta, unatakiwa uone uzi wa petroli unaruka palepale, mwembamba, umenyooka. Ukiona tone tone, au uzi unachelewa, hapo ndo lile zubazuba linapoanzia. (Usichungulie ukiwa na sigara jamani, nacheka lakini nimeona nyusi zikiondoka.) Na shikilia kile kifimbo cha kipepeo ukitikise juu chini, kikicheza ujue pale pembeni hewa inaingia bila kupita kwenye hesabu ya mafuta, mchanganyiko unakuwa mwepesi, gari inatetemeka ikiwa imesimama na mtu anazidi kuchezea skrubu ya mafuta bila faida.

Kuhusu mchanganyiko, ili petroli iungue yote bila kubaki unahitaji gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, lakini nguvu kubwa haipatikani hapo, inapatikana mafuta yakizidi kidogo, kati ya 12.5 na 13 kwa 1. Ndo maana ukikanyaga mpaka chini kabureta nzuri inaongeza mafuta yenyewe. Fundi akikuambia amekubania jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, ili usile mafuta, amekubania na nguvu, na mbaya zaidi mchanganyiko mwepesi ukiwa na mzigo unachoma valvu na pistoni.

Sasa nikae kidogo kwenye moto wa plagi kwa sababu hapa ndo farasi wengi wamelala, na hapahitaji pesa, panahitaji subira.

Petroli na hewa haviungui kwa mpigo, moto unaanzia kwenye plagi unatambaa, kama unavyowasha nyasi kavu upande mmoja wa shamba. Kwa hiyo plagi lazima ipige kabla pistoni haijafika juu. Injini ikiwa imetulia, magari mengi yanataka digrii 5 mpaka 10 za mzunguko wa krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) kabla, na ikishika mizunguko elfu 3 na kitu inataka digrii 30 na zaidi kidogo, manake pistoni inakimbia lakini muda wa moto kutambaa haupungui kwa kiasi hichohicho. Nani anasogeza? Ndani ya distribyuta, chini ya pale pointi zilipokaa (vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi ipige), kuna vijiuzito viwili na vispringi viwili, distribyuta ikizunguka kwa kasi vinatanuka kama sketi ya mtu anayecheza, na vinasogeza moto mbele. Miaka 40 bila tone la oili vinashika kutu. Hapo fundi anakuwekea taimingi, yaani muda wa plagi kupiga, vizuri kabisa gari ikiwa imesimama, na juu hakuna kitu, moto umechelewa digrii 20, nguvu inatoka kwenye bomba la moshi kama joto, injini inachemsha na watu wanabadilisha rejeta.

Kupima ni hivi. Toa kofia ya distribyuta, shika rota, kile kidude kinachozunguka katikati, kwa vidole viwili, izungushe upande inakozungukia, itakubali kidogo, iachie. Lazima irudi yenyewe, tak. Ikirudi kivivu au ikabaki ulipoiacha, umempata mwizi. Fungua, safisha, oili kidogo, usiibadilishe distribyuta nzima bila sababu. Alafu kuna kile kisahani cha vakyumu, kinachovutwa na unyonyaji wa hewa wa injini, ubavuni kina mpira wa hewa, chomoa mpira upande wa kabureta, uvute kwa mdomo, ndiyo kwa mdomo, ziba na ulimi. Sahani ya pointi ndani isogee na ibaki hapo mpaka uachie. Ikiwa unavuta tu hewa inakuja kama unakunywa juisi kwenye mrija uliotoboka, ngozi ya ndani imepasuka. Hiyo ukikanyaga mpaka chini haina kazi, kweli, ila mwendo wa kawaida utakuwa mzito na mafuta yanaenda.

Pointi, nafasi yake kwa injini nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, na kile kisigino chake kikilika nafasi inapungua na moto unachelewa polepole, wewe hujui, unazoea. Ukiweza kuweka mfumo wa elektroniki badala ya pointi weka, hiyo naikubali bila ubishi, si kwa sababu inaongeza nguvu ya ajabu ila kwa sababu taimingi uliyoweka leo utaikuta mwakani.

Na kuna jambo moja liliwahi kunisumbua wiki nzima, yaani nilikaribia kuuza ile gari. Taa ya taimingi, ile ya kumulika alama kwenye puli injini ikizunguka, inaonesha alama iko sawa kabisa na gari haivuti. Kumbe baadhi ya puli za krenki zina raba katikati, raba ikizeeka ile ringi ya nje inateleza, na alama imechorwa kwenye ringi ya nje! Alama inakudanganya machoni. Dawa yake, toa plagi zote, kwenye silinda namba 1 weka kizuizi kinachoingia kwenye tundu la plagi kisimamishe pistoni kabla haijafika juu, zungusha krenki kwa mkono polepole mpaka iguse, weka alama, zungusha upande wa pili mpaka iguse, weka alama nyingine, katikati ya hizo mbili ndo juu ya kweli. Kwa mkono nimesema, asije mtu akapiga stata.

Haya, hayo yote uyafanye baada ya kupima kompresheni, yaani silinda inakandamiza hewa kwa nguvu gani, nilitakiwa kuanza nayo lakini nimeshasema. Injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, piga stata mpaka geji isimame. Namba yenyewe inategemea injini, ila silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 au 15. Yenye upungufu itie kijiko cha oili upime tena, ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi, ule mfuniko wa juu ya silinda. Kama injini imechoka hapa, acha habari za kuongeza nguvu, ifumue kwanza. Na fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, kwenye valvu ni lazima, valvu iliyobana sana haifungi vizuri na inaungua, iliyolegea inafunguka pungufu inalia tiki tiki. Kwa wale wenye injini za zamani sana zilizotengenezwa enzi za petroli iliyotiwa madini ya risasi, ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu, na imeondolewa kwenye petroli ya magari dunia nzima, nchi ya mwisho ilikuwa Algeria mwaka 2021, kwa hiyo ukifungua hedi weka viti vigumu, usiulize mara mbili.

Bomba la moshi sitalisema sana. Likiwa limebonyea au sailensa imebomoka ndani, injini inajisonga. Kubwa kupita kiasi nalo linaleta kelele tu.

Sasa farasi wapya. Ukishawarudisha wa zamani, gari ikawa nzima kweli, hapo njoo tuongee.

Kuna mfano naupenda. Mini, ile gari ndogo ya Kiingereza, ya kwanza ilikuwa na cc 848 na nguvu farasi 34. Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper, cc 997, farasi 55. Angalia walivyofanya, walirefusha mwendo wa pistoni, wakapandisha kompresheni (hapa ni hewa inakandamizwa mara ngapi) kutoka 8.3 hadi 9, wakapanua valvu za kuingiza hewa, wakaweka kabureta 2 za aina ya SU, na mbele wakaweka breki za diski. Vyote kwa pamoja. Miaka 3 baadaye ndugu yake, Cooper S ya cc 1071, akashinda rali ya Monte Carlo mbele ya magari makubwa. Hawakununua kabureta peke yake wakaenda kujaribu bahati.

Kwa gari ya kutembelea kila siku mi ningeanza na silinda hedi. Kuichonga kidogo tu kunapandisha kompresheni, na hapa piga hesabu kabla ya kupeleka kwa mchongaji. Injini ya silinda 4, cc 1300, kila silinda ni cc 325, kipenyo milimita 75, kompresheni 9, maana yake chumba cha moto kina cc 40 na nusu hivi. Ukichonga milimita 1 unaweza kupoteza mpaka cc 4.4 za chumba, na kompresheni inagonga karibu 10. Milimita moja tu! Ukichonga 2 kwa sababu "tuongeze kidogo", injini itaanza kugonga ukikanyaga kwenye mlima, kama kokoto kwenye kopo, na ile kokoto inakula pistoni. Oktani (uwezo wa kutogonga) ya petroli unayoweza kupata kila siku ndo inaamua uchonge kiasi gani.

Ukiwa umeshafungua, angalia matundu ya manifoldi na ya hedi kama yanakutana, mara nyingi gasketi imeingia ndani ya njia ya hewa milimita 2, 3, na kuna ngazi pale. Ondoa ngazi. Usipanue njia nzima iwe kama handaki, hewa ikipunguza mwendo injini inakuwa nzito chini.

Na hiyo ndo sababu ya kabureta yangu ya cc 2000 kunitesa. Koo la kabureta limebanwa makusudi, hewa ikipita pembamba inakimbia, ikikimbia mgandamizo unashuka na petroli inavutwa na kupasuka kuwa ukungu. Ukiweka koo pana kwenye injini ndogo, mizunguko ya chini hewa inatembea tu, petroli inadondoka badala ya kupulizwa. Chagua kwa kuangalia injini inameza kiasi gani, ile hesabu ya lita 3100, usichague kwa macho. Na jeti zibadilishwe zilingane, na kama mnaishi juu sana kumbukeni kila mita 1000 mnazopanda hewa inapungua karibu asilimia 10, kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta ya kule chini.

Kamshafti ya moto, yaani shafti ya kufungulia valvu iliyochongwa zifunguke zaidi, siishauri kwa gari ya kazini, inahamisha nguvu kwenda juu, chini unabaki na mtetemo.

Lingine nimeona mwezi huu huu, mtu kaweka pampu ya umeme ya gari la injeksheni (lile linalopuliza petroli bila kabureta) kwenye kabureta. Pampu ya kabureta inasukuma kama bar 0.2 au 0.3, ile yake inasukuma 3. Kile kisindano cha floti, boya la ndani ya kabureta, hakiwezi kuzuia, petroli ikafurika mpaka juu ya manifoldi ya moto. Bahati yake alisikia harufu kabla ya cheche.

Na breki. Ukiongeza farasi 15 bila kugusa breki utaenda kwa mpango wako na kusimama kwa mpango wa ukuta. Bora breki kwanza, na hakikisha hazishiki zenyewe, nyanyua gari zungusha matairi kwa mkono, nimeona mtu anatafuta nguvu ya injini kumbe tairi la nyuma limeng'ang'aniwa tangu mwaka juzi.

Mdogo wangu uko wapi, yule wa gari inayokata. Umesema ukifungua tangi ndo inakubali kuwaka. Kila petroli inavyotoka kwenye tangi hewa lazima iingie mahali pake, na kwenye gari nyingi za zamani inaingia kwa kitundu kwenye mfuniko, kikiziba tangi linajinyonya, pampu inavuta inashindwa, na ukifungua mfuniko unasikia fyuuu. Ulisikia? ... Anasema alisikia akadhani ni kawaida. Haya leta mfuniko, na nyinyi wengine fungueni maboneti, mmoja akae kwenye pedeli na mwingine achungulie kipepeo.